Kuchelewa Kunakoufichua Msuguano wa Kiini

Hakuna chombo kilichowahi kufika kilomita 2,890 chini ya miguu yetu, pale mwamba wa mantili unapokutana na chuma kilichoyeyuka cha kiini cha nje. Hata hivyo, msuguano wa mpaka huo umepimwa, tena kwa kutazama juu. Mwezi na Jua huivuta Dunia kwenye uvimbe wake wa ikweta, na mhimili wake huyumba kama pia. Darubini za redio zilizotawanyika mabarani hupokea mawimbi ya galaksi za mbali. Tofauti za nyakati za kufika kwake huonyesha mhimili umeelekea wapi. Mwaka 1986 watafiti Carl Gwinn, Thomas Herring na Irwin Shapiro walionyesha kwamba myumbo mmoja wa kila mwaka ulipishana na hesabu kwa takriban sehemu mbili za elfu za sekunde ya tao. Kiini kina myumbo wake wa asili wa siku zipatazo 430. Kwa kuwa kipindi hicho kinakaribiana na mwaka, myumbo wa mwaka hukuzwa. Kipindi hicho hutegemea umbo la mpaka, hivyo wakahitimisha kwamba mpaka wa kiini umetuna kwenye ikweta mita mia kadhaa zaidi ya ilivyodhaniwa.

Lakini umbo hubadili ukubwa wa myumbo, haliucheleweshi. Ikiwa Dunia inachelewa kuuitikia mvuto, kuna nishati inayopotea, na kuchelewa huko kumepimwa. Yupo atakayesema bahari na mwamba usionyumbuka kikamilifu pia hula nishati. Ni kweli, ila sehemu yao hukadiriwa kwa njia nyingine na kutolewa, na bado baki lipo, hasa karibu na zile siku 430. Hapo kiini hakikwepi lawama.

Ugumu ni kujua msuguano wa aina gani. Chuma hicho ni chepesi kutiririka karibu kama maji, hivyo mnato wake wa kawaida hautoshi. Mwanajiofizikia Bruce Buffett alitetea nguvu za sumaku: mistari ya uga wa sumaku hupenya mpakani na kuvutana na tabaka la chini la mantili, iwapo linapitisha umeme vizuri. Wapinzani husema uga unaohitajika ni mkali kuliko unaoonekana kutoka huku juu. Jibu ni kwamba sehemu zake ndogondogo hufifia njiani. Linawezekana, ila ni jibu la bei rahisi, kwani linaegemea kitu kisichoonekana. Mabonde na vilima vya mpaka huo navyo havijaondolewa kwenye orodha. Kwa maoni yangu sumaku inaongoza, lakini kilichothibitika ni kiasi cha msuguano, si chanzo chake.