Kompyuta Inachora Reli Vizuri. Je, Treni Inapita?

Kuna ahadi moja tunayoipenda sana sisi watu wa data: ukishapata ramani ya kidijitali, mengine yote ni kubonyeza kitufe. Upande wa reli ahadi hiyo inasema hivi: chukua data za mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani GIS, ziingize kwenye programu, utatoka na mchoro safi wa njia za stesheni nzima, pointi zake na njia zake za kupishania. Hakuna tena mtu wa kukaa na rula wiki nzima.

Hebu tuipime ahadi hiyo. Hukumu yangu naiweka mezani mapema: kazi ya kuchora imeshapiga hatua kubwa. Tatizo liko kwenye data, na mchoro unapopendeza ndivyo tatizo hilo linavyozidi kujificha.

Ramani na mchoro si kitu kimoja

Ramani hukuambia reli iko wapi. Mchoro wa njia hukuambia treni inaweza kutoka wapi kwenda wapi. Harry Beck aliliona hilo mapema. Mwaka 1931 alibuni ramani ya treni za chini ya ardhi za London, ikachapishwa 1933. Alinyoosha mistari, akapuuza umbali halisi, akabakiza mpangilio wa vituo na sehemu za kubadilisha treni. Abiria hakupoteza chochote alichokihitaji.

Mchoro wa njia unafuata wazo hilohilo, ila unashuka chini zaidi. Kwa Beck, laini nzima ni mstari mmoja. Kwa mpanga ratiba au fundi wa reli, kila njia ni mstari wake, na kila pointi, pale treni inapohamishwa kutoka njia moja kwenda nyingine, lazima ionekane. Ukikosea kwenye ramani ya abiria, mtu atashuka kituo kisicho chake. Ukikosea kwenye mchoro wa njia, mtu anaweza kupanga safari ambayo reli hairuhusu.

Tuwape haki yao

Waliofanya kazi nzuri wapo. Mwaka 2011 Martin Nöllenburg na Alexander Wolff walichapisha mbinu ya kuchora ramani za metro kwa hisabati: unaiwekea kompyuta masharti, kwa mfano mistari ielekee pande nane tu, halafu yenyewe inatafuta mpangilio bora. Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, nacho kimetoa LOOM, mkusanyiko wa programu huria uliotokana na utafiti wa Hannah Bast, Patrick Brosi na Sabine Storandt. Unaupa data za usafiri, unaunganisha laini zinazopita sehemu moja, unazipanga zisikatizane ovyo, kisha unachora. Matokeo yake yanapendeza kweli.

Lakini angalia hatua ile ya kuunganisha. LOOM imetengenezwa kwa ajili ya abiria, na abiria hana shida ya kujua kwamba kati ya vituo viwili kuna njia mbili au nne. Kwa hiyo zikiunganishwa ziwe kitu kimoja ni sawa kabisa. Kwa mchoro wa njia, hatua hiyohiyo ni kosa kubwa, maana inafuta kile hasa tulichokuja kukitafuta. Hilo si kosa la LOOM. Kosa ni letu tukidhani kifaa kilichofanya vizuri kazi moja kitafanya vizuri na jirani yake.

Mita tano na mita nne

Sasa twende kwenye data. Simu ya kawaida, mahali pa wazi, inaweza kukosea mahali ulipo kwa takriban mita 5. Njia mbili za reli zilizolala sambamba huwa zimeachana kwa takriban mita 4, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Yaani kosa la kipimo ni kubwa kuliko pengo tunalotaka kulipima! Ukikusanya data kwa simu ukitembea kandokando ya reli, hutajua kwa uhakika uko kwenye njia ipi.

Picha za setilaiti zinasaidia, na wachoraji wengi wa OpenStreetMap huzitumia. Zinaonyesha njia ziko ngapi. Zinachoshindwa kuonyesha ni ruhusa. Kwenye pointi ya kawaida ncha tatu za njia hukutana, na hapo kompyuta inaweza kubahatisha kwa akili: treni haiwezi kukata kona kali, kwa hiyo pembe zenyewe zinasema ipi inaenda ipi. Safi. Lakini njia mbili zikikatana kwa umbo la herufi X, ncha zinakuwa nne. Je, treni inavuka moja kwa moja tu? Au kuna pointi humohumo ndani zinazoiwezesha kuhamia njia nyingine? Na kama zipo, ni upande mmoja au pande zote mbili? Pembe ni zilezile katika hali zote hizo. Jibu liko kwenye vyuma vyenyewe, halimo kwenye umbo la mistari. Mtu asipoliandika, programu itachagua yenyewe, na itachora chaguo lake kwa wino uleule wa mambo ya hakika.

Mfano wa Kidatu

Tanzania ina geji tatu. Reli ya zamani ya Kati ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, na SGR ni 1,435. Pale Kidatu, mkoani Morogoro, tawi la geji ya milimita 1,000 kutoka Kilosa linakutana na TAZARA. Ukiangalia ramani utasema mtandao umeungana, basi treni ya mizigo ipite tu. Haipiti. Mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa la geji moja kwenda la geji nyingine.

Tofauti ya geji hizo mbili ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja. Picha za setilaiti za kibiashara zilizo makini sana zina nukta za takriban sentimita 30. Kwa hiyo huwezi kukaa ofisini ukaiona tofauti hiyo kwa kuhesabu nukta. OpenStreetMap ina lebo ya geji, lakini ni mtu ndiye anayeijaza. Ikiwa tupu, programu isiyouliza itaunganisha mistari iliyo jirani, na mchoro wako utakuwa na njia ya treni ambayo haipo duniani.

Kuna na jambo la njia za kupishania. Kwenye reli ya njia moja, treni mbili zinazokabiliana hupishana stesheni tu, na urefu wa njia ya kupishania ndio unaoamua treni iwe ndefu kiasi gani. GIS itakupa urefu wa mstari wote, kutoka pointi hadi pointi. Urefu unaotumika ni mfupi zaidi, kwa sababu karibu na pointi njia hukaribiana mno, na behewa likisimama hapo litagongwa na treni inayopita. Anayepanga treni kwa kufuata urefu wa kwenye ramani atauacha mkia wake njiani.

Basi tufanyeje?

Sisemi turudi kwenye rula. Mtandao ni mkubwa, stesheni hubadilishwa, na mchoro wa mkono huzeeka haraka. Ninachosema ni kwamba juhudi zetu zimeelemea upande wa kupendezesha mistari, wakati shida iko kwenye ruhusa.

Njia ya kulirekebisha hilo ipo. RailTopoModel, kielelezo cha data kilichotolewa na Shirikisho la Kimataifa la Reli mwaka 2016, kinahifadhi waziwazi kwamba kutoka kipande hiki treni inaweza kuingia kile, au haiwezi. Hapo kompyuta haihitaji kubahatisha kwa pembe. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuchukua stesheni moja, akaomba kibali, akakagua kila pointi akiwa na fundi wa reli, kisha akahesabu ni mara ngapi programu ilibahatisha sawa. Kazi hiyo haina picha za kuvutia, lakini matokeo yake yangetufaa kuliko algoriti nyingine ya kunyoosha mistari.

Jambo la mwisho ni la gharama ndogo kabisa: programu ichore kwa mstari wa vipande kila muunganiko iliouhisi yenyewe, na kwa mstari kamili ule uliothibitishwa na mtu. Mchoro hautapendeza sana. Lakini ukionyeshwa mchoro wa reli uliotoka kwenye GIS, uwe mwanafunzi, mhandisi au mwandishi wa habari, hilo ndilo swali lako la kwanza: ni mistari ipi hapa kuna mtu aliyekwenda kuiona?