Asili za Viumbe wa Mchezo na Mizani ya Kolelo: Uhakiki wa Istilahi

Wenye kuunda istilahi wamezoea kuletewa orodha za maneno kutoka wizarani, mahakamani na maabarani. Ni nadra kuletewa orodha kutoka katika michezo ya vijana, na ikiletwa, wengi huiona kuwa upuuzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba orodha mojawapo ya namna hiyo yastahili kuhakikiwa kwa dhati, kwa sababu inagusa jinsi tunavyowapanga na kuwahukumu viumbe wa imani na masimulizi yetu wenyewe.

Mchezo unaohusika ni Pokémon, uliotolewa Japani mwaka 1996. Wachezaji wawili hushindanisha viumbe. Kila kiumbe hupewa asili moja au mbili, kama vile moto, maji au umeme. Na kila shambulio nalo lina asili yake. Jedwali maalumu huamua matokeo: nguvu ya shambulio yaweza kuzidishwa mara 2, kupunguzwa kuwa nusu, au kubatilika kabisa. Kiumbe mwenye asili mbili zilizo dhaifu mbele ya shambulio lile lile huumia mara 4. Mwaka 1996 asili zilikuwa 15, mwaka 1999 zikawa 17, na tangu 2013 zimekuwa 18.

Wapenzi wa mchezo huo hawakutosheka na viumbe waliopewa. Tangu 2007 wachezaji wanaojulikana kwa jina la Smogon wamekuwa wakibuni viumbe wao wenyewe kwa hoja na kura. Kiumbe wao wa kwanza, Syclant, alipewa asili ya barafu na asili ya wadudu. Kwa hiyo moto na mwamba humuumiza mara 4. Hapa pana somo kwa mtu wa istilahi. Jina la asili si pambo. Ni hukumu ya nani atamshinda nani, na neno litakalochaguliwa halina budi kumwezesha msomaji kuibashiri hukumu hiyo.

Neno la jumla

Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha ambazo mchezo huu umetolewa. Kijana wa Morogoro atakaye kubuni kiumbe chake hujikuta akitafuta maneno kutoka Kiingereza, na swali la kwanza ni neno la jumla lenyewe.

“Aina” ndilo neno jepesi, lakini lina utata: “aina ya kiumbe” yaweza pia kumaanisha spishi yake. “Elementi” imekwisha kuchukuliwa na kemia, na mwalimu wa sayansi hatapenda kusikia kwamba barafu na wadudu ni elementi. “Tabia” ina haki ya kihistoria, lakini katika mchezo huu tangu 2002 kila kiumbe ana silika yake pia, kama vile upole au ujasiri, nayo ndiyo istahiliyo kuitwa tabia. Twapendekeza “asili”, kwa maana ya kile ambacho kiumbe ametokana nacho. Wala fikra hii si ngeni kwetu. Wanajimu wa pwani wamezigawa nyota kwa moto, upepo, maji na udongo tangu zamani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba kiumbe huweza kuwa wa maji au wa udongo. Anahitaji orodha iliyopangwa vizuri.

Makosa yatokanayo na Kiingereza

Mfasiri akitafsiri majina ya Kiingereza neno kwa neno atapotoka mara nyingi, kwa kuwa Kiingereza chenyewe ni tafsiri. Asili ambayo Waingereza huiita kwa neno la giza, Wajapani huiita “aku”, yaani uovu. Tukiandika “giza”, mchezaji atashangaa kwa nini viumbe wake ni wezi na walaghai. Tukiandika “uovu”, mambo yanaeleweka.

Asili ya mimea nayo Wajapani huiita “kusa”. Neno hilo maana yake ya kwanza ni nyasi, na Kiingereza kimeshika maana hiyo hiyo. Hata hivyo, ndani yake wamo viumbe wa miti, maua na mbegu. “Nyasi” ni neno jembamba mno, na kwa mkulima nyasi ni magugu. “Mimea” inafaa zaidi.

Neno la mizuka lataka uangalifu mkubwa. Wengi wataandika “mzimu”. Lakini mzimu kwetu ni roho ya mhenga, na pia mahali pa kuomba na kutoa sadaka. Viumbe wa asili hii katika mchezo ni wa kutisha watu usiku, na ngumi ya kawaida hupita ndani yao bila kuwadhuru. Huo ni mzuka. Tukimwita mzimu tutakuwa tumewashusha wazee wetu hadi kuwa vinyago vya kutishia watoto.

Mizani ya Kolelo

Ili kupima maneno haya, tuchukue kiumbe ambaye wakazi wa Uluguru wamemjua kabla ya michezo hii yote. Kolelo ni roho iliyoheshimiwa katika pango upande wa Kolero, na habari zake zilifika hadi kwa Wazaramo. Masimulizi humtaja kwa umbo la nyoka. Watu walimwendea kwa ajili ya mvua na rutuba ya mashamba. Wanahistoria wamemhusisha pia na imani zilizotangulia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hatupendekezi Kolelo afanywe mwanasesere. Heshima yake ni ya wenyewe. Twamtumia kama mizani tu: mbunifu akitaka kiumbe wa namna yake, nyoka mkubwa wa pangoni aletaye mvua, atampa asili zipi?

Jibu la haraka ni maji na joka. Kwa mashindano jibu hilo ni zuri sana, kwa kuwa kiumbe wa asili hizo huumizwa zaidi na asili mbili tu, joka na kichimbakazi. Lakini tutazame neno. Katika Kiswahili joka ni nyoka mkubwa wa kuogopwa, na wasomaji wa Biblia hulijua kuwa jina la Shetani katika Ufunuo. Kwa Wajapani, joka wa masimulizi huhusishwa na mito na mvua, na kwa hiyo yu karibu na Kolelo kuliko joka wa Wazungu. Neno letu halibebi maana hiyo. Mbunifu akiandika “maji na joka”, mchezaji wa Tokyo ataona mleta mvua, na mchezaji wa Matombo ataona ibilisi.

Jibu la pili ni maji na udongo, kwa sababu ya pango na ardhi. Kiumbe huyo hadhuriwi na umeme hata kidogo, kwani umeme hupotea udongoni. Adui wake ni mmoja tu, mimea, ambayo humuumiza mara 4. Hapo jedwali linasema kwamba mleta mvua huangamizwa na mazao. Wakulima waliopanda hadi pangoni kuomba chakula wasingeikubali hukumu hiyo.

Jibu la tatu ni maji na mimea. Kiumbe wa asili hizi ana maadui watatu: sumu, wadudu na anga. Asili hii ya mwisho Waingereza huiita kwa neno la kuruka. Twapendekeza “anga” kwa sababu yakusanya ndege na upepo pamoja. Sasa tuwasome maadui hao kama mkulima: sumu, wadudu waharibifu, na ndege kama kwelea. Ni wale wale wanaolinyang’anya shamba kile ambacho mvua imelipa. Asili hizi zinamweleza Kolelo kwa usahihi kuliko joka, ijapokuwa zinampunguzia ulinzi mashindanoni. Jambo moja zaidi: katika jedwali, shambulio la chuma humpata kiumbe wa maji kwa nusu ya nguvu yake. Jedwali la mchezo linatoa kile walichokitumaini wapiganaji wa 1905, na ambacho risasi za Wajerumani ziliwanyima.

Lakini jibu hili la tatu lisingeonekana kama tungebaki na “nyasi” na “kuruka”. Nani angempa mleta mavuno asili ya nyasi? Neno lilitangulia, na wazo likafuata. Hii ndiyo hoja yetu kuu: kiumbe hawezi kupewa asili inayomstahili kabla ya majina ya asili kusanifiwa.

Mapendekezo

Wako watakaosema tuyaache maneno ya Kiingereza kwa kuwa vijana wamekwisha kuyazoea. Kuzoea si kuelewa. Jedwali hili ni somo la uhusiano wa vitu, na milima ya Uluguru yaweza kulifundisha. Maji hushinda udongo: mwalimu aoneshe mteremko uliomomonyoka. Mimea hushinda maji na udongo: aoneshe mizizi iliyoushika mteremko na kuyanywa maji ambayo yangeuchukua. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuuzuia mmomonyoko huo huo, na mwaka 1955 wananchi wakaukataa mpango huo kwa ghasia. Moto hushinda chuma: aonane na mhunzi.

Kwa hiyo twapendekeza kanuni tatu kwa wafasiri. Kwanza, jina la asili litokane na kazi yake katika jedwali, si na lebo ya Kiingereza. Pili, neno la Kijapani litazamwe kabla ya uamuzi. Tatu, kila neno lijaribiwe kwa kiumbe anayejulikana nyumbani. Likimdhalilisha au likimpotosha, litafutwe jingine. Kwa kanuni hizo twatoa “mimea”, “udongo”, “anga”, “mzuka” na “uovu”. “Joka” twaliacha katika majaribio hadi lipatikane neno la nyoka mkubwa asiye na laana. Walimu na wafasiri wanaolijua neno hilo katika lugha za milimani, Kiluguru kikiwa cha kwanza, waombwa kulileta.