Pindua Tandiko Kwanza

Katika duka la matandiko ya farasi mjini Sheridan, jimbo la Wyoming nchini Marekani, jicho la mgeni huenda moja kwa moja kwenye maua. Ngozi imechorwa waridi mwitu, vikonyo vimezunguka duara ndani ya duara, na mkono unataka kupapasa kabla mdomo haujauliza bei. Mtindo huo ulipata sifa kwa kazi ya Don King (1923–2007), fundi wa mjini humo ambaye mwaka 1991 alitunukiwa National Heritage Fellowship, heshima wanayopewa mabingwa wa sanaa za jadi nchini Marekani. Sasa mtazame mnunuzi anayejua anachokitafuta. Maua anayapita. Analinyanyua tandiko lenye uzito wa kilo 15 hivi, analipindua chini juu kama nahodha anayekagua mkuku wa mashua, kisha anatia kiganja pale penye manyoya ya kondoo, mahali ambapo mpandaji hatapaona tena akishakaa.

Mimi si mpanda farasi, wala sijifanyi. Kilichonivuta kwenye ufundi huu ni swali ambalo mafundi wake hulijibu kila siku: utamvalishaje kiumbe asiyeweza kukuambia panapombana? Mtu akijaribu viatu dukani hutembea hatua tatu, akasema. Farasi hunyamaza. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na adhabu ya tandiko baya aijuaye ni farasi. Naye hulalamika kwa mwili tu: hulaza masikio akiona tandiko linaletwa, hutaka kuuma mkanda wa tumboni unapokazwa, husita kuteremka kilima. Asiyejua humwita mkaidi.

Kamusi zetu zina neno seruji kwa tandiko la farasi, lakini tandiko ninalolizungumzia, lile la makauboi tunalolijua kwenye filamu, lilizaliwa mbali na kwetu, tena lilizaliwa kazini. Hernán Cortés aliposhuka Mexico mwaka 1519 alikuwa na farasi 16, na Wahispania waliomfuata walileta matandiko yao ya vita na ya safari. Wachunga ng'ombe wa Mexico wakayageuza taratibu yakawa zana ya kunasia ng'ombe, wakaweka pembe mbele ya kuzungushia kamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, makundi makubwa ya ng'ombe yaliswagwa kutoka Texas hadi kwenye vituo vya reli vya Kansas, na mtu alikaa juu ya farasi kutwa nzima. Ng'ombe mzima akivuta kamba iliyofungwa kwenye pembe, mvuto wote huishia mgongoni mwa farasi. Ndiyo maana tandiko hili lilifanywa kubwa na gumu, ili uzito uenee.

Ugumu huo umo katika kiunzi, kilichofichwa chini ya ngozi. Mbao mbili ndefu hulala kulia na kushoto kwa uti wa mgongo bila kuugusa. Mbele zimeunganishwa na panda iliyobeba pembe, na nyuma na egemeo la kiuno cha mpandaji. Mchonga kiunzi huchagua mti mwepesi kama msonobari, akachonga kila ubao upate mambo matatu kwa pamoja: upinde wa kufuata mgongo kwa urefu wake, msokoto kwa sababu mgongo umesimama zaidi penye mabega na kulala zaidi penye mbavu za nyuma, na ncha zilizoinuliwa kidogo zisichome. Kisha huloweka ngozi mbichi ya ng'ombe mpaka ilainike, akauvisha mti, akashona kwa ukanda wa ngozi hiyohiyo. Ngozi ikikauka husinyaa, na kila inaposinyaa huzidi kuzibana mbao pamoja. Hapo fundi hana budi kusubiri. Ikikaushwa haraka itavuta upande mmoja na kiunzi kitapinda, kwa hiyo huachwa kivulini siku nyingi, kikigeuzwa na kupimwa tena na tena. Siku hizi viko viunzi vya plastiki na vya nyuzi za kioo, lakini mafundi wa mkono wengi bado wanarudi kwenye mti na ngozi mbichi.

Tandiko la Kiingereza kwa kawaida lina mito iliyojazwa sufu, na likimbana farasi kidogo, fundi hufungua mshono akapunguza au akaongeza. Tandiko la kauboi halina nafasi hiyo. Mbao zikishachongwa na kufunikwa, umbo lake ndilo hilo, kwa hiyo ustadi wote unahamia kwenye kuchagua.

Fundi mzuri huanza na farasi mwenyewe. Humsimamisha mahali tambarare, miguu minne ikiwa sawa, akampapasa kabla ya kugusa tandiko. Farasi hana mtulinga. Miguu yake ya mbele imeshikwa na kifua kwa misuli na kano tu, na kombe la bega huteleza juu ya mbavu kila anapotembea. Mguu unaponyooshwa mbele, ncha ya juu ya kombe hurudi nyuma, na ikikuta ubao umekaa hapo, itaugonga kila hatua, maelfu ya mara kwa siku moja ya kazi. Fundi hutafuta ukingo wa nyuma wa kombe kwa vidole, akatia alama ya chaki. Halafu hutafuta ubavu wa mwisho, ambao kwa kawaida ni wa 18, akaufuata kwa kidole kuelekea juu hadi unapokaribia uti. Nyuma ya hapo ni kiuno, na hakuna mbavu za kusaidia kubeba. Tandiko lote, pamoja na mtu wake, lina haki ya kutumia kipande kilichopo kati ya alama hizo mbili.

Sasa tandiko huwekwa bila blanketi, mbele kidogo ya mahali pake, kisha husukumwa nyuma taratibu mpaka litulie lenyewe. Wanaojifunza hukosea sana hapa. Huliacha mbele mno, juu ya mabega, likainuka kama pua ya mashua inayopanda wimbi, naye mpandaji akajikuta anaegemea nyuma. Likishatulia, fundi hutazama nafasi kati ya panda na kinundu cha mabega, akihakikisha vidole viwili au vitatu vinapita. Kisha huingiza kiganja bapa chini ya ubao na kukisogeza polepole kutoka mbele kwenda nyuma. Anatafuta mguso uleule mwanzo hadi mwisho. Kiganja kikibanwa mbele, kikawa huru katikati, kikabanwa tena nyuma, tandiko limekuwa daraja, na uzito wote umesimama kwenye ncha nne. Kikibanwa katikati huku ncha zikielea, tandiko linabembea. Akimaliza kulia hurudia kushoto, maana farasi wengi, kama watu, hawalingani pande mbili.

Kiganja hicho hukutana na migongo ya kila namna. Quarter Horse, farasi wa makauboi hasa, alipata jina lake kwa kasi yake katika mbio za robo maili, na chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1940 mjini Fort Worth, Texas. Ni mpana, mabega yamejaa misuli, na mara nyingi kinundu chake ni kifupi. Anataka panda pana na mbao zilizolala. Ukimpa nyembamba, tandiko litakaa juu juu kama kifuniko kidogo kwenye sufuria kubwa, na kingo za mbao zitamchimba. Thoroughbred, farasi wa mbio, ni kinyume chake: kinundu kimesimama, mgongo mwembamba, na nyuma ya kila bega kuna bonde. Tandiko la Quarter Horse likiwekwa juu yake hushuka mpaka panda inagusa mfupa. Huyu anahitaji panda ndefu na mbao zilizosimama zaidi.

Farasi wa Kiarabu ana mgongo mfupi na mbavu zilizotanuka, na wengine wana jozi 17 za mbavu badala ya 18. Kwake shida huwa ni urefu. Ngozi za chini za tandiko zilizokatwa mraba humfikia kiunoni, zikamsugua kila anapogeuka, kwa hiyo hukatiwa za mviringo. Mgongo wa namna hiyo uliwahi kuvuka bahari kutoka upande wetu: mwaka 1840 merikebu Sultana ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, chini ya Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York, na miongoni mwa zawadi kwa Rais Martin Van Buren wa Marekani walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu.

Anayewashinda wengi ni nyumbu, mtoto wa punda dume na farasi jike. Mgongo wake umenyooka kama benchi, na kinundu cha kulizuia tandiko hana, au ni kidogo mno. Mbao zenye upinde wa farasi hubembea juu yake, kwa hiyo huchongewa zilizonyooka. Akiteremka mlima, kinacholizuia tandiko lisimfikie shingoni ni mkanda unaozunguka nyuma ya matako.

Dukani utapewa namba. Upana wa panda utaambiwa ni inchi 6.5 au 7, na utahakikishiwa kwamba unawafaa farasi wa aina fulani. Namba hizo hazina kipimo kimoja kinachozifunga, kila karakana hupimia mahali pake. Tena upana bila mwinamo ni nusu ya habari. Mapaa mawili yanaweza kufunika nyumba zenye upana sawa, moja la makuti lililosimama, jingine la bati lililolala, na huwezi kulitoa moja ukaliweka juu ya kuta za jingine. Kwa sababu hiyo fundi huchukua waya unaopindika, akaulaza juu ya mgongo nyuma ya bega, akaubonyeza ukafuata umbo, akaunyanyua kwa uangalifu na kuuchora kwenye karatasi. Hufanya hivyo tena katikati, na tena penye ubavu wa mwisho. Michoro hiyo mitatu ndiyo barua ya farasi kwa mchonga kiunzi.

Muuzaji mwenye haraka atakuambia blanketi nene litasawazisha kila kitu. Blanketi zuri la sufu hunyonya jasho na kupunguza kishindo, lakini halipanui panda. Mwenye kiatu kinachombana haponi kwa kuongeza soksi. Na mwenye farasi wawili wa maumbo tofauti atashawishika kununua tandiko moja la kuwafaa wote, akisahau kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

Ushahidi hutolewa na jasho. Farasi akishafanya kazi ya kutosha, tandiko huondolewa na mgongo husomwa. Alama ya jasho ikiwa sawa pande zote mbili, na uti katikati ukiwa mkavu, ni dalili njema. Doa kavu katikati ya jasho ndilo fumbo. Huenda ubao haukugusa hapo kabisa, au huenda umebana mno hata ngozi ikashindwa kutoa jasho. Macho hayawezi kuamua kati ya hayo mawili, hivyo fundi hurudi kwenye vidole, akabonyeza na kumtazama farasi kama anajikunyata. Doa likipuuzwa miezi mingi, nywele huota nyeupe mahali pale, kwa sababu shina la unywele limeumizwa. Mara nyingi weupe huo haufutiki tena. Yeyote atakayemnunua farasi huyo baadaye ataisoma kazi ya tandiko la zamani kwenye ngozi yake.

Hata aliyepima vizuri hajamaliza. Farasi mchanga huendelea kujaza mgongo wake kwa miaka kadhaa. Majani mabichi humnenepesha, miezi ya baridi humkondesha, kazi humpa misuli, na uzee humwachia mabonde mapya. Tandiko lililomkaa sawasawa mwaka juzi linaweza kumwumiza leo, bila uzi wake mmoja kulegea. Ndiyo maana fundi anayeaminika hurudi kuweka kiganja chini ya tandiko alilolithibitisha mwenyewe.

Tangu nijue haya, sipiti tena karibu na punda bila kumtazama mgongo. Punda wa Lamu hubeba mchanga, mawe na magunia, na shogi lake, kama tandiko la Sheridan, hukutana na mifupa yake mahali ambapo mwenye mali haoni. Ukimwona mnyama ana doa la nywele nyeupe pale mzigo unapokaa, usiharakishe kudhani kazaliwa nalo. Mwombe mwenyewe, kwa heshima, alipindue shogi lake na kupitisha kiganja chini yake.