Kuipima Subaru ya Tabo Iliyofufuliwa Uani

Mngurumo wa Forester ya tabo ikipanda kuelekea Kikima, Mbooni, hausemi lolote kuhusu ubora wa injini. Unatokana na mabomba ya moshi ya pande mbili za injini kutolingana urefu. Gari lililochoka hunguruma vilevile, na pengine zaidi kwa kuwa mwenyewe amelikata sailensa. Anayetaka kujua kama fundi aliyelifufua aliijua kazi atazame alichokilinda kabla hajaanza kutafuta nguvu.

Magari yenyewe ni ya rika moja: Impreza WRX za miaka ya 1990, kisha Forester za SF5 na SG5, zenye injini ya EJ20 ya lita mbili. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akaishinda ya 2000 kwa Impreza pia, na kabla yao dereva Mkenya Patrick Njiru alikuwa ameshawazoesha Wakenya kuishangilia Subaru. Lakini sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo hizi zilizoko huku Ukambani, Kitui na Makueni, hazitaongezeka. Ndiyo maana inaniuma kuona moja ikiharibiwa kwa uzembe.

Fika kabla injini haijawashwa. Shika boneti, ikiwa na moto, ahirisha ukaguzi, kwa sababu injini iliyokwisha pashwa huficha kelele zake. Chomoa kijiti cha oili. Weusi usikutishe, ila harufu ya petroli na kiwango kilichoshuka vina maana. Paka tone kwenye karatasi nyeupe uigeuzegeuze juani: ukiona vimetameta vya metali, beringi za konirodi zinalika, na huo ndio ugonjwa unaozimaliza EJ20 nyingi. Hakuna rangi mpya wala rimu nzuri itakayofidia vimetameta hivyo.

Oili ndiyo roho ya tabo. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili inayoletwa na kibomba chembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Fundi wa kweli atakuonyesha kibomba hicho bila kuombwa, akueleze kama alikibadilisha au alikisafisha. Kisha inama utazame kingo za karteri. Kama silikoni nyekundu imefurika nje ya maungio, jua kwamba ndani imefurika kiasi kilekile. Kipande kikibanduka kitavutwa hadi kwenye chujio la pampu, na injini nzima ikose oili kwa sababu ya kitu kidogo kama punje ya pojo. Ukingo safi, wenye uzi mwembamba wa silikoni usiokatika, ndiyo sahihi ya mkono uliotulia. Mimi huutafuta huo kabla ya kitu kingine chochote.

Omba sasa bomba la hewa lifunguliwe kati ya chujio la hewa na tabo. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui ni lami siku hizi, lakini ukiiacha tu kuingia vijijini unakutana na vumbi jekundu linalopenya kila mahali. Pitisha kidole ndani ya bomba. Ukungu mwepesi wa oili ni kawaida. Vumbi kavu ni hukumu, kwani maana yake hewa inalikwepa chujio, na makali ya mapanga ya tabo yanasagwa kidogo kidogo. Yatazame kwa tochi: yawe na ncha kali, yasiwe yamekwaruza ukuta. Shika ncha ya mhimili. Mchezo mdogo sana wa juu na chini unakubalika, lakini ukisogea mbele na nyuma, tabo hiyo inakaribia mwisho. Vichujio vya wazi vinavyong'aa, vile vinavyofungwa kwa ajili ya sauti, sivipendi Ukambani. Vinavuta hewa ya moto ya chini ya boneti. Sanduku la kiwandani lililofungwa vizuri linashinda.

Ikiwa yote hayo yamepita, iwashe uiache ipate joto, kisha ipandishe mlima. Mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja kwa nane, kwa hiyo tabo inafanya kazi zaidi kuufikia ule msukumo iliopangiwa, na hewa inatoka ikiwa na moto zaidi. Isitoshe, injini hizi zilitengenezewa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo huwa karibu oktani 100. Ya hapa haifikii hapo, kwa hiyo kwenye mwinamo, kwa gia ya tatu, sikiliza mlio mkavu kama changarawe ndani ya bati. Ukiusikia, ondoa mguu, injini inajipasua. Mshale wa joto usipande. Ukifika juu, tazama moshi unapoachia mafuta na kukanyaga tena: wa buluu ni oili. Dereva mwenye adabu huiacha injini izunguke kidogo kabla ya kuizima baada ya kupanda hivyo, ili oili iliyomo ndani ya tabo isiungue ikawa masizi.

Mkanda wa taimingi nao uwe na tarehe au kilomita zilizoandikwa mahali. Hubadilishwa kila kilomita 100,000 pamoja na roli zake, na ukikatika vali hugonga pistoni. Bodi na viti nakuachia wewe.

Mwisho, muulize fundi ameweka msukumo wa baa ngapi. Nyingi ziliwekwa chini ya baa moja kiwandani. Akijibu tu kwamba ameongeza kwa sababu gari lilikuwa zito, shukuru uondoke. Akitaja namba, akasema ameipima kwa geji ipi, na akaeleza kwa nini hakuizidisha kwa petroli tunayonunua hapa, anza kuzungumza bei.