Fundi wa Swichi ya Mguu

Mpiga solo ana mikono miwili na yote ina kazi. Wa kushoto unatembea kwenye shingo ya gitaa, wa kulia uko kwenye nyuzi, na wimbo ukishafika chemko hakuna hata mmoja unaoweza kubanduka. Unabaki mguu. Ndiyo maana chini, katikati ya nyaya na vumbi la jukwaa, huwekwa kisanduku kidogo cha chuma chenye kitufe kimoja au viwili. Akikanyaga, ampilifaya iliyo nyuma yake inabadili sauti. Kisanduku hicho hupigwa mateke, humwagiwa bia, huburutwa kwa waya wake mwenyewe, na siku kikigoma bendi nzima inakilaumu. Wanaokifufua hawasifiwi, na mimi naona wanastahili sifa kubwa.

Chukua Fender Twin Reverb, ampilifaya ya Marekani iliyotoka mwaka 1963 na ambayo wapigaji wengi duniani bado wanaitafuta. Swichi yake ina vitufe viwili, kimoja cha mwangwi, kingine cha ule mtetemo unaoifanya sauti ipande na kushuka. Ndani hamna kitu cha kutisha: swichi mbili, nyaya mbili, basi. Kila kitufe kinafanya kazi ileile moja, kuunganisha waya wake na ethi ya ampilifaya. Raha ya fundi inaanzia hapo, maana kazi ni moja lakini matokeo ni kinyume. Waya wa mwangwi ukiunganishwa na ethi, mwangwi unanyamaza, kwa sababu sauti yake imemwagwa kabla haijafika kwenye spika. Waya wa mtetemo ukiunganishwa, mtetemo unaanza, kwa sababu sakiti yake huwa imezuiwa mpaka iguswe na ethi.

Kwa hiyo fundi anayejua hashiki bisibisi kwanza. Anauliza.

“Mwangwi unazimika?”

“Hauzimiki, fundi.”

“Na mtetemo?”

“Huo hauwaki kabisa.”

Jibu limeshapatikana: waya umekatika mahali. Na kwa kuwa vyote viwili vimekufa kwa pamoja, ataanza kutafuta pale nyaya mbili zinapoingia kisandukuni zikiwa zimeongozana. Kama mteja angesema mwangwi hausikiki na mtetemo hauzimiki, fundi angejua kuna shoti. Dalili mbili tu zimemwambia aina ya ugonjwa na karibu zimemwonyesha mahali pake, na kifuniko hakijafunguliwa. Nawaheshimu sana watu wa namna hii. Redio, pikipiki, mwili wa binadamu, kote huko kuna wanaofungua ili wakisie na wanaosikiliza ili wajue.

Bado ataihakikisha dhana yake. Atachukua pini ya akiba ambayo katikati yake na ukingo wake vimeunganishwa kwa kipande cha waya, aichomeke nyuma ya ampilifaya kwenye tundu la mtetemo. Mtetemo ukiwaka, ampilifaya ni nzima na kosa liko kwenye kisanduku au waya. Usipowaka, afadhali mteja ajue mapema kwamba ugonjwa ni mkubwa kuliko alivyodhani.

Waya hukatika pale unapojikunja kila siku, shingoni mwa pini na mlangoni mwa kisanduku. Katikati mara nyingi ni mzima. Fundi mwenye huruma na mfuko wa mteja atakata sentimita chache kila mwisho, atamenya upya, na waya uleule utarudi kazini. Shaba iliyoingiwa na unyevu huwa nyeusi na lehemu haiishiki, hivyo atakata mpaka akutane na shaba inayong'aa. Kama analazimika kuweka waya mpya, ataweka ule wenye wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani. Sauti yenyewe ya mwangwi inashuka mpaka miguuni mwa mpigaji, na waya usio na kinga huleta mvumo.

Kisha inakuja pini, na hapa ndipo mkono unapoonekana. Zile pini ndogo, kama zile za deki za muziki za zamani, zina msumari wa katikati ulio mtupu kama mrija. Waya unaingizwa humo ndani, unapashwa moto, lehemu inanyonywa mpaka ijae. Lakini msumari umeshikwa na plastiki, na plastiki ikilainika msumari unapinda na pini haiingii tena mahali pake. Fundi mzuri huichomeka pini kwenye tundu la zamani lisilotumika kabla ya kuugusa kwa pasi, ili tundu liushike msumari wima hadi upoe. Waya ameshaupaka lehemu kabla. Anagusa, moshi mdogo unapanda, lehemu inakimbia na kung'aa, anaondoa pasi. Akichelewa ameharibu. Swichi nazo ni vivyo hivyo: moto mwingi kwenye miguu yake hupanda ndani, na kitufe kinaanza kukwama.

Lipo jambo moja ambalo halina mjadala. Wavu wa waya wa swichi umeungana na bodi ya ampilifaya, na kisanduku cha chuma kimeungana na wavu huo. Ampilifaya nyingi za zamani za Marekani zilitengenezwa kwa volti zipatazo 120 na plagi ya miguu miwili isiyo na ethi, kisha zikafika kwenye nchi zetu za volti 230 na 240 zikiwa zimefungiwa transfoma. Bodi ikiingiwa na umeme bila ethi, umeme huo utangoja chini ya mguu wa mpigaji. Anayefungua waya wa ethi ndani ya plagi ili mvumo upungue anacheza na roho ya mtu. Fundi wa kweli ataurudisha hata kama hakuombwa, na atakataa kazi kama mwenye mali hataki. Ndani ya ampilifaya yenyewe kapasita zinaweza kuhifadhi zaidi ya volti 400 hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo anayejifunza aanze na kisanduku, na asivuke hapo bila mwalimu.

Ufundi huu hauko pembeni mwa historia ya gitaa la umeme. Leo Fender mwenyewe alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na hakuwa mpiga gitaa. Ampilifaya zake zilizaliwa kwenye meza ya fundi. Huku kwetu tunawajua wapigaji wa NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo ni Msondo, na wa Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Waliowachomelea nyaya hatuwajui, na hilo ni pengo katika simulizi ya muziki wa dansi.

Ndugu mpigaji, ukimpelekea fundi swichi yako, mpelekee na ampilifaya yake. Usimwachie kisanduku peke yake mezani na kumwambia utapita jioni. Kaa naye dakika chache, ujibu maswali yake, na umlipe kwa kujua kwake kama unavyomlipa kwa kuchomelea.