Kikoi Si Ndevu

Nianze kwa kuungama. Hivi karibuni tulikaa barazani, sisi vijana tunaojiita waandishi, kila mmoja na daftari lake, tukisomeana tulichoandika. Zamu ikamfikia mwenzetu mmoja, akasoma hadithi ya msichana anayeshuka Forodhani jioni. Msichana huyo hakuvaa kanga wala buibui. Alijifunga kikoi. Hapo hapo mtu akapiga kelele, "Jikedume huyo!" na baraza zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Mwandishi mwenyewe alifurahi, akidhani kicheko kile ni sifa. Dada mmoja tu, aliyekaa karibu na mlango, hakucheka. Alingoja tunyamaze, kisha akauliza, "Halafu akafanya nini?"

Mwandishi akapekua daftari mbele na nyuma. Kumbe msichana hakufanya kitu. Alikuwa kavaa kikoi, basi, hadithi imekwisha.

Tangu siku ile swali la dada yule halijaniacha, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sina nia ya kumsema mwenzetu peke yake, maana ugonjwa wake ni wetu sote. Sisi waandishi chipukizi tunamvisha mhusika badala ya kumuumba. Mwanamme tunampa kikoi na ndevu, mwanamke tunampa kanga na wanja. Tukitaka msomaji ajue kuwa mwanamke fulani kapotoka, au kichwa kigumu, au hataki kuolewa, tunamchomekea vazi la kiume, kisha tunaweka kalamu chini. Nguo imeshatuandikia.

Hebu tukitazame kikoi chenyewe. Ni kitambaa cha pamba, kina mistari ya rangi pembeni na matamvua kwenye ncha. Mwanamme wa Unguja hujifunga kiunoni akiwa kwake, au barazani akicheza bao, au pwani akivuta nyavu. Hakina mguu, hakina mfuko, hakina kifungo. Kanga nayo ni hivyo hivyo, ila ina pindo na mji, na ina jina lake lililoandikwa la kumpigia jirani mafumbo. Mgeni asiyetujua ukimtandikia vyote viwili, hawezi kukwambia kipi cha mume na kipi cha mke. Sisi ndio tuliogawa.

Na mgao wenyewe tunauheshimu tunapotaka. Wangapi katika baba zetu wanajifunga kanga za wake zao usiku? Mzee anarudi kazini, anavua suruali, anachukua kanga ya mkewe, anakwenda kuoga, analala nayo. Hakuna anayemwita jike. Lakini mkewe akitoka mpaka dukani na kikoi, mtaa mzima una la kusema. Tena nenda Nungwi au Paje uone wanawake wa Kizungu wanavyojitanda vikoi ufukweni. Wenye maduka Mji Mkongwe wanawatundikia milangoni, rangi kwa rangi. Wale hatuwaiti majikedume. Tunawaita wateja.

Kama unadhani haya ni mambo yetu watu wa pwani tu, njoo nikupeleke mbali kidogo, kisha tutarudi. Wengi wetu tulikutana na kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskochi, kwenye sinema ya Mel Gibson, Braveheart, iliyotoka mwaka 1995. Wanaume wenye misuli, wamevaa kama sketi, wanakatana mapanga, na hakuna kijana aliyethubutu kuwacheka. Ajabu ni kwamba William Wallace anayesimuliwa mle aliuawa mwaka 1305, na kilti haikuwapo zama zake. Waskochi wa milimani baadaye walikuwa wakijizungushia shuka refu la sufu na kulifunga mkanda. Ile fupi ya marinda tunayoijua ni ya karne ya 18. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper alifika hadi kuandika kwamba aliyeibuni ni Mwingereza, Thomas Rawlinson, mwenye tanuri la chuma. Waskochi wengi hawakumkubalia, na ubishi haujesha.

Lakini lisilobishaniwa ni sheria. Waskochi walioasi mwaka 1745 walishindwa Culloden mwezi wa Aprili 1746, na mwaka ule ule Bunge la Uingereza likapiga marufuku mavazi yao ya milimani. Sheria ilitaja wanaume na wavulana. Wanawake hawakutajwa. Na waliosamehewa ni maofisa na askari wa mfalme. Marufuku yakadumu hadi 1782. Sasa piga hesabu mwenyewe: kwa takriban miaka 35, mwanamme aliyeweza kuivaa kilti hadharani bila kuogopa jela ni yule mwenye bunduki ya serikali begani. Hapo ndipo kilti ilipoota ndevu. Kitambaa ni kile kile cha sufu. Kilichobadilika ni nani kakivaa, na kashika nini mkononi.

Baadaye wanawake nao wakavaa sketi za namna ile, na wasichana wa skuli vilevile. Hata hizi sketi za marinda za skuli za kwetu ukizitazama utaona undugu. Lakini katika miaka ya 1950, waandalizi wa michezo ya Aboyne, huko huko Uskochi, hawakutaka wasichana wacheze ngoma zao na kilti, kwa hoja kwamba ni vazi la kiume. Wakawatafutia gauni jingine, ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina la Aboyne. Umeona kichekesho? Sketi imekatazwa kwa wanawake kwa kuwa ni ya wanaume! Mtu wa Kikwajuni akisikia atasema wazimu. Na Mskochi akisikia habari ya kikoi na kanga, atasema nini juu yetu?

Kilti haikubaki Ulaya. Ilifika pwani yetu kwa njia ya ngoma ya beni, ile ya kuiga gwaride na tarumbeta za Wazungu. Mombasa na Lamu palikuwa na vyama vilivyoshindana, Kingi na Scotchi, na Scotchi ndio walioiga askari wa Kiskochi hata kwa mavazi. Aliyeiandikia beni kitabu, mwaka 1975, ni Terence Ranger, aliyesomesha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Ni huyu huyu Ranger ambaye mwaka 1983 alihariri pamoja na Eric Hobsbawm kitabu ambamo Trevor-Roper aliandika habari zake za kilti. Mimi nilipogundua hivyo nilifurahi kama niliyeokota pesa. Waswahili wanaume walivaa sketi mbele ya kadamnasi, na hakuna aliyewaita wanawake. Kwa nini? Kwa sababu watazamaji waliona gwaride. Walisikia ngoma, wakaona mabega yalivyokaa na miguu ilivyopiga chini. Vazi lilisomwa pamoja na kitendo. Ndilo swali la dada yule: halafu akafanya nini?

Tusikimbilie kusema nguo haina maana. Ina maana, tena nzito, na kisiwa hiki kinajua. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alipigwa picha kavaa mavazi ya kwao, na suruali yake inaonekana chini ya kanzu. Suruali, ndugu zangu! Ile ile tunayowagombeza nayo dada zetu leo kwamba ni ya kiume, mabibi wa kasri waliivaa na ikahesabiwa heshima. Huku nje ya kasri, wanawake watumwa walivaa merikani na kaniki. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa, wengi wao walianza kununua kanga, na baadaye buibui, wakatembea mjini kama watu wengine. Kwao kipande kile cha kitambaa kilikuwa tangazo kwamba, kuanzia leo, mimi ni mtu. Sasa mwandishi anayetupia nguo mwilini mwa mhusika kwa ajili ya kuchekesha tu anachezea kitu ambacho wenziwe walikilipia ghali.

Mfano mzuri wa kutufundisha kazi ni Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Mtazame kwenye filamu As Old As My Tongue ya mwaka 2006, au kama ulibahatika kumwona kwa macho, kumbuka. Alivaa gauni na kanga kama bibi yeyote wa Ng'ambo. Sasa mwone anavyoipiga ngoma ya msondo: amesimama, ngoma ndefu iko katikati ya miguu, kanga imekazwa kiunoni, sigara si mbali. Ngoma ile ni ya unyago, ya kuwafunda wanawali, ya wanawake tupu. Ukimwandika kwa nguo zake tu, utamkosa. Ukimwandika kwa mikono yake na alivyosimama, kila swali la uume na uke litakuja lenyewe, na hutahitaji kumwita mtu jikedume.

Sasa naungama la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Ninaandika riwaya, yapata mwaka wa tatu sasa. Ndani yake yumo bibi mlima mwani wa upande wa Paje, na bibi huyo nimemchukua kwa bibi yangu mzaa mama. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ile mwaka 1989, na yeye alikuwa miongoni mwa walioingia baharini mapema. Wanaume wengi walijaribu wakaacha, wakasema pesa ni ndogo na kazi ni ya kuinama. Wanawake wakabaki. Babu alipofariki, bibi alikitoa kikoi chake kwenye sanduku, na tangu hapo, maji yakipwa, akawa anajifunga kikoi kile juu ya nguo zake na kushuka nacho pwani. Vijana wa pale walimcheka, wakamwita Mzee. Siku moja nikamwambia, "Bibi, si watu wanasema?" Hakuinua hata kichwa, alikuwa anafunga mwani kwenye kamba. Akanijibu, "Kikoi chake, kiuno changu."

Basi sura ya tatu ya riwaya yangu ilipofika pahala hapo, unajua nilifanya nini? Nilimvisha kanga. Niliogopa kicheko kile cha barazani kabla sijakisikia. Nilimwondolea bibi yangu kikoi cha mumewe kwa sababu niliona wasomaji watadhani nataka kumfanya mwanamme. Yeye alistahamili kuchekwa pwani mchana kweupe, mimi nikashindwa kwenye karatasi, usiku, peke yangu, hakuna anayeniona. Sasa hapo mwoga nani, na mwanamme nani?

Nimeifuta kanga. Lakini nilipokirudisha kikoi niliona kwamba hakitoshi, kwa sababu ile ile aliyoisema dada yule. Ilinibidi niandike uzito wa gunia la mwani mbichi, chumvi inavyokauka kwenye nyufa za vidole, na matamvua ya kikoi yanavyolowa na kuburuza mchangani. Niandike anavyokifua jioni kwa maji ya kisima na kukianika peke yake, mbali na nguo nyingine. Nilipomaliza, neno jikedume halikuwa na pahala pa kukaa. Wala sikulazimika kueleza kama bibi yule anavaa kwa mapenzi, kwa ubishi, au kwa sababu kanga zake zimechanika. Huenda ni yote matatu.

Kwa hiyo, wenzangu, mwanamke wa hadithi yako akijifunga kikoi, mwache ajifunge. Mpe suruali, mpe kilti ukitaka. Ila umfuate anakokwenda, mpaka ujue alifanya nini huko. Mimi baraza lijalo nitasoma sura ya tatu. Wakicheka, nitangoja wanyamaze, kisha nitaendelea.