Kimia cha Burano: Sanaa Iliyofufuliwa na Mwalimu

Nguo ya kimia, ambayo wengi huiita lesi, twaijua sote. Twaiona madukani, imeshonwa katika pindo za magauni na vitambaa vya meza. Karibu yote hufanywa kwa mashine, lakini mashine haikuibuni kazi hii. Iliiga vidole vya wanawake. Katika makala haya twataka kupima jambo lililotendeka Italia, katika kisiwa cha Burano karibu na mji wa Venice, ambako sanaa ya kimia ilikaribia kufa kabisa, kisha ikafufuliwa. Habari hii husimuliwa mara nyingi kwa sifa tupu, na sifa tupu haimfundishi mtu. Basi tuulize: walitenda nini vema, na ni lipi lililopungua?

Kwanza yafaa msomaji aielewe kazi yenyewe. Fundi wa Burano huchora umbo juu ya karatasi ngumu, akaishonea karatasi ile juu ya vitambaa, kisha akaifuata michoro yake kwa uzi ulioshikizwa kwa mishono midogo. Hapo huanza kujaza nafasi kwa sindano moja na uzi mmoja, tundu baada ya tundu, pasipo kudunga nguo iliyo chini. Kazi ikiisha, hukata nyuzi zile za kushikiza, na kimia hutoka peke yake, chepesi kama utando wa buibui. Ndiyo maana Waitalia waliiita kazi hii punto in aria, yaani mshono wa hewani.

Katika karne ya 17 vimia vya Venice vilitamaniwa na wakuu wa Ulaya yote. Fedha nyingi ya Wafaransa ilikwenda huko, hata mwaka 1665 Colbert, waziri wa mfalme Louis XIV, akaanzisha viwanda vya kimia katika nchi yake, na mafundi wa Venice wakaitwa kuwafundisha Wafaransa. Dola ya Venice ikaanguka mwaka 1797. Baadaye kidogo, mwaka 1809, Mwingereza John Heathcoat akapata hati ya mashine ya kufuma kimia. Kazi ya mkono ikakosa wanunuzi, na mama hakuona faida ya kumfundisha binti yake.

Hata mwaka 1872 baridi ilikuwa kali mno, maji yaizungukayo Burano yakaganda, wavuvi wasiweze kuvua, na njaa ikaingia nyumbani mwao. Ndipo Paulo Fambri na bibi mmoja wa ukoo mkuu, Andriana Marcello, walipofikiri kwamba sanaa ya kale ingeweza kuwapa wanawake chakula. Lakini nani aliyeijua? Alipatikana mwanamke mzee, Vincenza Memo, aliyeitwa na watu Cencia Scarpariola, mwenye umri uliopita miaka 70. Yeye alijua kutenda, ila hakujua kueleza. Basi Anna Bellorio d'Este, mwalimu wa shule ya wasichana kisiwani, akawa akienda kuketi naye saa za mapumziko, akiangalia vidole vyake na kuviiga, mpaka akaupata ujuzi wote. Kisha akawafundisha wasichana wanane. Hao wakazaa shule, na wafanya kazi wake wakahesabiwa kwa mamia.

Hapa twasifu bila kusita. Wangaliweza kukusanya vimia vya kale, wakavitia kabatini na kusema kwamba sanaa imehifadhiwa. Kumbe kimia kilichokwisha huonyesha uzuri wake, lakini hakisemi sindano ilipita wapi kwanza. Kwao wakaja juu ya mtu aliye hai, na mwalimu hakuona haya kuwa mwanafunzi wa mwanamke asiye na maneno ya kitabuni. Palipo na wazee haliharibiki neno, lakini sharti yupo aketiye karibu nao.

Lakini shule ile ilikuwa na upungufu, nao ulitokana na nia njema. Wafanya kazi waligawanywa katika mafungu saba, kila mmoja akishika sehemu yake ya kazi siku zote. Wakuu wa shule walisema kwamba hivyo kila msichana huwa hodari na mwepesi, hupata ujira zaidi, na kimia huwa rahisi. Mtu atasema, kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, na mwenye njaa hatuwezi kumlaumu kwa kutafuta ujira wa jioni. Hata hivyo, aliyejua fungu moja tu hakuweza kumrithisha binti yake kazi nzima. Cencia mmoja alitosha kuirudisha sanaa. Lakini anayejua fungu moja, akibaki peke yake, hawezi. Uzima wa sanaa ukawa umefungwa katika shule, na shule ilitegemea matajiri wanunuao. Mwaka 1970 ikafungwa. Mwaka 1981 nyumba yake ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Linganisha na mji wa Idrija katika nchi ya Slovenia, uliokuwa na machimbo ya zebaki. Huko kimia hufumwa kwa vijiti vyenye nyuzi, juu ya mto, na shule yake ilianza mwaka 1876, miaka minne tu baada ya ile ya Burano. Hiyo haikufungwa, hata leo watoto huenda kujifunza. Mwaka 2018 kazi ya kimia ya Slovenia iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kwetu sisi, orodha ile si jambo kubwa kama watoto wale.

Basi hukumu yetu ni hii: Burano ilijua kuifufua sanaa kuliko ilivyojua kuilisha. Nasi tusomao tunao wazee wasukao mikeka na vikapu kwa mitindo ambayo vijana hawaijui hata jina. Anayetaka kuihifadhi asianze kwa kununua mkeka. Aende akaketi, aombe kufundishwa tangu kuchana ukindu hata kushona pindo, kisha amwite mtoto aketi pamoja naye.